Kisanduku cha Pauni Kumi na Nne

Kompyuta niliipata bure, shule ilipobadilisha zake,
nikaisukuma nyumbani kwa kigari cha mtoto
nilichoazima kwa Filomena,
nimeifunika blanketi, kwa sababu ya manyunyu,
na bibi wawili wa Holderness Road
wakainama kumtazama mtoto.

Ilikuwa na kila kitu ila mdomo.

"Ndani hamna nafasi ya kadi," alisema Bwana Ousby wa sokoni.
"Nunua modemu ya nje. Ya nje unaiona.
Ikifa, unajua imekufa.
Ya ndani hufa kimyakimya
nawe ukabaki unawatukana watu wa simu."

Mezani kwake zilikuwa tatu.

Ya kwanza bado imo ndani ya boksi, plastiki haijaguswa,
biti elfu hamsini na sita kwa sekunde,
pauni sitini na tano.
Nikalirudisha boksi taratibu, kama mtu
aliyefungua mlango wa choo akakuta yumo mwenyewe.

Ya pili nyeusi, nyembamba, ya kupendeza,
ila ilitaka tundu la kisasa
ambalo kompyuta yangu haikuzaliwa nalo.

Ya tatu ilikuwa na rangi ya jino la mvuta sigara,
nzito kama mche wa sabuni,
elfu thelathini na tatu na vichenji,
pauni kumi na nne. Adapta haipo.

Rahisi ghali, nilimsikia marehemu shangazi,
yeye aliyenunua pasi ya mnadani
ikamuunguzia sare tatu kwa siku moja.

"Laini yako ikoje?" akauliza Ousby.
Nikamwambia: waya unaingilia dirishani,
na mvua ikinyesha simu inakaanga vitumbua.
"Basi hizo hamsini na sita utazipata wapi?
Unanunua farasi wa kumpandia jikoni."

Nikahesabu. Gesi, pauni tano.
Basi, asubuhi tu; usiku natembea.
Viatu vya zamu, vimeanza kunywa maji.
Kisha nikahesabu upande wa pili:
maktaba, nusu saa kila Jumanne,
nyuma yangu mtu anayekohoa bila kikohozi,
na barua ya mdogo wangu Mwanaidi, kutoka Morogoro,
niliyofika nusu yake skrini ikafungwa,
nikaibeba ile nusu siku nne,
sijui kama ile posa ameikubali
au amewarudisha watu na kanga zao.

Nikatoa kumi na nne.
Ousby akaingiza mkono kwenye sanduku la adapta
zilizosokotana kama nywele za asubuhi,
akaivuta moja kwa mkia. "Pauni moja. Volti tisa.
Usome maandishi ya chini kabla hujachomeka.
Ukikosea, utanusa."

Saa tano usiku. Bi Maureen wa chini amelala,
simu ni yetu sote wawili.
Nikasoma maandishi ya chini. Nikayasoma tena.
Nikachomeka, sikunusa kitu.
Vitaa vikawaka kimoja baada ya kingine, saba kati ya vinane;
cha nane mpaka leo hakijawaka
wala sijajua kilikuwa na kazi gani.
Ikapiga namba yenyewe, tu-tu-tu, ikiwa na adabu,
halafu ikapiga kelele
kama birika linalogombana na redio,
nikaitupia blanketi, lile lile la kigari.

Kimya. Kitaa kimoja kikapepesa.

Barua ikaanza kushuka, mstari, pumzi, mstari.
Nikaruka salamu, nikaruka habari za kuku na za paa,
nikafika pale pale nilipoachia:
*Basi dada, nikawaambia wazee kwamba*

na huko chini Bi Maureen akanyanyua simu,
"Halo? Halo? Nani huyo anayekoroma?"

Vitaa vikazimika, vikabaki viwili.
Uzuri wa Hull, simu ya mjini ni bei moja,
uongee dakika au ukeshe.
Zamu yangu inaanza saa sita,
kiatu kimoja nimeshavaa.
Nikamsubiri aweke mkono wa simu chini,
nikapiga tena.