Nguo Zimetangulia

Swabra alipiga simu usiku wa Jumanne,
sauti yake ile ya mahesabu:
"Mama, kila mtu kilo kumi na tano,
na mtoto wa kupakatwa hana kilo.
Ikizidi wanatoza kana kwamba tumebeba dhahabu.
Nguo nimezitanguliza kwa basi.
Zitafika Alhamisi, sisi Ijumaa."

Nikamwambia haya.
Zamani zetu mtu na nguo zake
walifanya safari moja, wakachoka pamoja.

Alhamisi, baada ya adhuhuri, Shekuwe akabisha hodi.
Punda wake akaingiza kichwa kabla ya salamu.
"Bibi, wageni wako wepesi mwaka huu,
hawali, hawanywi, hawaulizi choo kiko wapi."
Akalitua fuko ukumbini, la miraba, limefungwa kamba ya katani,
na ubavuni, kwa kalamu nyekundu:
NGUO. HAKUNA CHA KUVUNJIKA.

Risiti ilisema kilo arobaini na moja.
Kwa harusi ya siku tatu.

Nikalifungua ili nguo zipate hewa,
sikuwa na nia nyingine.
Harufu ya sabuni ya unga na baridi ya Nairobi
ikanitokea usoni.
Kanzu ya Aiman: upindo umeshushwa mara mbili,
mstari wa kale umebaki
kama alama ya maji ukutani kwa forodha.
Nikampima mjukuu wangu kwa shubiri, hayupo.
Amenipita bega.
Soksi za mtoto, kila moja sawa na kidole gumba.
Gauni la Sumeya, na sare ya harusi ya Khulthum,
vitambaa vile vya zambarau tulivyogombania bei
wiki mbili nzima kwenye simu.

Kisha sweta.
Sweta tatu. Nani huvaa sweta Lamu?
Kisha sare za shule, kijani na kijivu,
na shule zimefungwa mwezi mzima.
Kisha, ndani ya bahasha, ndani ya foronya,
vyeti vya kuzaliwa vya watoto watatu,
na ripoti ya Aiman: "Ana bidii. Siku hizi ni mkimya."

Nikatafuta kikoi cha Twaha.
Nikatafuta kanzu yake, kofia yake ya vito,
hata fulana ya kulalia.
Nikaligeuza fuko juu chini, nikalikung'uta.
Ikaanguka pini ya mtandio.

Siri ya mtungi aijuaye kata.
Siri ya fuko anayo aliyelifunga,
na sasa mimi.

Mgeni siku mbili;
mwenye sare za shule hupewa kabati.
Nikatoa mashuka, nikatoa redio ya marehemu isiyosema tena,
nikapangusa rafu kwa siki.
Nikawasha makaa, nikatia udi kwenye chetezo,
nikafukiza zote, hata sweta,
sweta zikanukia kama bibi harusi.
Khulthum akauliza, "Mama, mbona unapanga kama wanahamia?"
Nikamwambia akatazame wali.

Ijumaa wakashuka gatini kutoka Manda,
mashua ya injini ikigonga tairi za ukingo.
Aiman mrefu, kama kanzu ilivyonieleza.
Swabra na mtoto kifuani, mkoba mmoja begani,
amejipaka wanja mwingi kuliko safari ilivyohitaji.

"Umesafiri mwepesi," nikamwambia.
"Mzigo ulitangulia."
Akanitazama. "Umelifungua?"
"Nimezitundika."

Akashusha pumzi, ndefu,
ya mtu aliyepita mizani bila kutozwa.
Hatukuongeza neno; watu walikuwa wengi
na Khulthum alikuwa akipiga vigelegele peke yake.

Shekuwe akauliza kama kuna cha kubeba.
Hakukuwa. Akampandisha Sumeya juu ya punda bure,
na njia nzima mtoto akataka kujua
punda anaitwa nani.
"Hana jina," Shekuwe akamwambia,
"ana kazi tu."