Tisa Mara Tisa

Ishirini na moja Desemba, saa saba mchana,
bati la ghala letu la Ng'apa linalia ta, ta, ta kwa joto,
na Shen Guilan, fundi wa mashine ya kupepeta ufuta,
ananiambia kwa Kiswahili chake cha kuhesabu hatua:
"Leo. Kipupwe. Kimefika."

Nikatazama jasho linavyomchuruzika hadi kwenye kola.
Nikacheka. Naye akacheka, ila alichelewa kidogo.

Kwao usiku wa leo ndio mrefu kupita wote.
Bwawa la nyuma ya nyumba linaganda, bata wanatembea juu yake.
Mama yake anaviringa vidonge vya unga wa mchele,
vyeupe, vya duara, visivyo na pa kuanzia,
na asiyerudi nyumbani huwekewa bakuli lake hata hivyo.
Likipoa, linapashwa.

Huku kwetu ni mchana uliorefuka. Jua limehamia kusini,
kila nguzo kivuli chake kimelala, kichwa kaskazini.
Yeye aliona hilo kabla yangu.
Alipiga hatua moja, akasimama pale kilipoishia kichwa cha kivuli chake.

Jioni tukapika.
Kinu tuliazima kwa Somoe Likotope,
aliyeuliza mara tatu ni dawa ya nini.
Mchele wetu hauna gundi: vidonge vitatu vya kwanza
vilipasuka sufuriani, maji yakawa uji.
Na ufuta alitaka mweusi. Ufuta wa Lindi ni mweupe,
tukaukaanga mpaka ukakaribia kukubali.
Kila mwaka unakwenda kwao kwa meli, magunia kwa maelfu,
sijawahi kuuona ukifika.
Usiku ule ulisafiri kutoka kijikoni hadi mdomoni,
na mtu akafumba macho.

Kisha akageuza stakabadhi iliyoharibika,
akachora tawi lisilo na jani hata moja, lenye maua tisa,
kila ua petali tisa, zote tupu.
"Kila siku, moja. Zikiisha, baridi imeisha."
Rangi hatukuwa nayo. Tukatumia wino mwekundu wa muhuri.

Ua la kwanza likajaa Krismasi ikiwa imeshapita.
La pili, mvua ikapenya darini, ikafifisha pembe.
La tatu, embe zilikuwa zinaoza barabarani,
nzi wamelewa, hakuna anayeokota.

Petali ya thelathini na saba, simu iliita alfajiri.
Hakuniambia kitu. Aliingia kazini, akawasha mashine,
akaizima.
Petali ya siku ile aliipaka polepole, kidole kitupu,
na ncha ya kidole ikabaki nyekundu hadi stendi,
hadi kwenye dirisha la basi la Dar, ikipunga.

Kwenye droo aliacha karatasi nyekundu
alizonunua Mtwara kwa ajili ya Mwaka Mpya wao.
Siku yenyewe ilipofika niliulizia, nikabandika moja
ubavuni mwa mashine. Ilinguruma vilevile.
Meneja, Bwana Nachipyangu, alitaka kujua kitu kimoja tu:
kwa nini wino wa muhuri unaisha haraka wakati msimu umefungwa.

Nilinyamaza. Thelathini na nane. Thelathini na tisa.
Siku za Jumapili niliifuata ghalani na kanga kichwani.
Siku ya homa nilimtuma mwanangu, akapaka mbili;
kesho yake nikapumzika, ili hesabu isimdanganye mtu.

Machi, mvua imeshika, watu wako mashambani
wanapalilia ufuta uliofika magotini,
nikapaka ya themanini na moja.
Nikaipiga picha, nikamtumia: Baridi imeisha?

Siku mbili kimya. Ya tatu, usiku,
likaja jibu, maneno mawili aliyojifunza hapahapa
mbele ya mashine iliyogoma:
"Bado kidogo."

Nikaigeuza stakabadhi huku na huku,
natafuta pembeni mwa lile tawi
nafasi ya kuongeza ua.