Dakika Kumi za Mwisho

Kazi yangu ni kufungua milango.
Sinema ipo Ruwi, nyuma ya maduka ya saa na simu,
nami ndiye mtu wa kurunzi,
ninayeingia zikibaki dakika kumi
nikasimama ukutani, ubavuni mwa pazia,
kungoja majina yapande.

Miaka kumi na tisa. Hebu hesabu
nimeshaona wangapi wakirudi:
aliyerudi na upanga,
aliyerudi na mtoto wa mwenzake mgongoni,
aliyerudi na mkono mmoja akakuta jiko bado lina moto,
yule wa nyota za mbali, aliyevua kofia ya kioo
akanusa udongo wa shamba lao
kama mtu anayenusa mkate.
Wote nimewapokea.
Hakuna hata mmoja ninayejua aliondokea nini.

Vargizi wa mashine alinichorea siku moja
juu ya kifuniko cha boksi la bisi:
duara, kama chapati.
"Hapa nyumbani," kwa Kiarabu chake cha kuungaunga.
"Hapa anaitwa. Hapa anakataa, lazima akatae kwanza,
akikubali upesi watu hawampendi.
Hapa anavuka. Hapa mtu mzima anampa kitu.
Huku chini," akabonyeza kalamu mpaka boksi likatoboka,
"huku anakufa kidogo.
Kisha anapanda, anarudi, si yule."
Nikamuuliza, mimi niko wapi?
Akatia nukta pale juu, karibu na nyumbani.
"Wewe mlango."

Nyumbani ninayo nyingine, imekatwa upande wa pili.
Mama yangu, Bi Shinuna binti Muhenna,
huanza alfajiri, Ng'ambo, uji uko mekoni,
babu anasema hatwendi,
mara mbili anasema hatwendi,
kichwa cha cherehani kimefungwa shuka, miguu yake imeachwa,
ufunguo kwa jirani, Mwanakhamisi,
aliyesema, "Asumini nitakumwagilieni."
Husimulia vivyo hivyo, hapunguzi hata ua moja.
Kisha husema: "Basi. Tukafika."

Basi!
Silabi mbili, zimebeba meli nzima
na waliokuwemo, na sijui siku ngapi,
na chumba cha Matrah cha watu tisa
ambacho nimekisikia kwa wengine.
Ukimuuliza huinuka kuosha vikombe
vilivyokwisha oshwa.

Ijumaa iliyopita nilimkatia tiketi.
Nikaomba ruhusa, nikakaa naye, mstari wa saba,
mara yangu ya kwanza kukaa.
Kijana wa milimani, ngamia wao ameibwa.
Nikamwona anaitwa. Nikamwona anakataa,
mara mbili,
nikageuka kumtazama Mama.
Alikuwa akila bisi mojamoja
kama anayechambua mchele.
Kule chini kabisa, kisimani, skrini nyeusi tupu,
alinishika mkono. Kucha ziliingia.

Taa zilipowaka hakuuliza habari ya ngamia.
"Yule bibi aliyempa maji, wa ile kambi.
Walirudi kumwangalia?"
Nikasema la, Mama, hawamwonyeshi tena.
"Ndiyo," akasema, akitafuta kiatu kwa mguu.
"Huwa haturudi."

Garini hakunena mpaka taa za Hamriya.
Kisha: "Basi,"
nami nikangoja lile neno la pili,
nimelizoea kama ninavyozoea breki za gari hili.
Halikuja.
"Basi melini palikuwa na bibi, Mngazija,
ana birika la buluu limevunjika mdomo, akaniambia,
wewe mtoto, njoo huku kwenye kivuli..."

Mbele yetu kipilefti, Mama hukiita hivyo mpaka leo
ingawa huku tunashika kulia.
Njia ya kwetu ni ya pili.
Nikaipita.
Nikazunguka, nyuma wananipigia honi,
nikazunguka tena,
mara ya tatu, ya nne, polepole,
ili tusifike.