Kelele za Mabatini

Miaka tisa nimepiga kelele, Magesa,
na jirani yetu Mama Nyangeta, ukuta kwa ukuta,
asubuhi bombani hunipisha foleni
kama mtu aliyeshinda kesi.

Kelele zile nilifundishwa.
Kichen pati, Kitangiri, viti vya plastiki vyekundu,
somo kajifunga khanga mbili, kipaza sauti kinakwaruza:
"Mwanamke asiyelia kitandani ni gogo!"
Tukapiga vigelegele. Nikaandika moyoni: kulia.
Hakuna aliyeuliza kulia kwa sababu gani.

Basi nililia. Kwa kufuata saa ya ukutani nililia,
nikijua mchele wa kesho haujachambuliwa,
nikijua wewe ukifika
nami natakiwa niwe nimefika.
Nikafika kwa mdomo.
Mwili ulibaki Kigongo, enzi za kabla ya daraja,
umekalia mzigo wake,
feri imeshaondoka.

Ulilala umenipa kisogo, roho kwatu.
Mimi nikahesabu misumari ya dari.
Nikasema, nina baridi. Nikasema, labda nimerogwa.
Kabula akaniletea unga wa mizizi kutoka Sengerema,
nikaunywa na uji siku saba.
Nilichopata ni kuharisha.

Kisha siku ile ya kliniki, nimefuata sindano tu ya uzazi wa mpango,
nesi Ng'wasi, mfupi, miwani imefungwa uzi,
akaniuliza ambalo hata mama hakuniuliza:
"Na wewe, unasikia raha?"
Nikajibu ndiyo, haraka mno.
Akavuta droo, akachora kwa kalamu ya bluu
nyuma ya kadi ya zamani.
Kinembe. Alilitaja jina hilo kama anavyotaja figo.
"Hiki kidogo cha juu ni ncha tu.
Kama mawe yetu ya ziwani:
wapiga picha wanaona kichwa,
jabali lenyewe liko chini, limetandaza miguu huku na huku.
Wengi wetu hatufiki kwa kuingiliwa peke yake.
Si ugonjwa. Si baridi.
Na mwili kulowa si kusema ndiyo,
na kukauka si kukosa mapenzi,
na siku nyingine usifike, na dunia isianguke."

Niliteremka mlima wa Bugando, kadi ndani ya sidiria.

Siku tatu sikusema. Ya nne nikasema,
umeme umekatika, ulikuwa unakula sato.
"Zote?" ukauliza.
"Karibu zote."
Ukanawa mikono kwa muda mrefu.
Wiki nzima ukalala sebuleni, kwenye lile kochi fupi,
miguu inaning'inia. Nilikuonea huruma
lakini neno langu sikulirudisha.

Jumapili ukarudi. Hukusema pole.
Ulisema, "Ile kadi. Nionyeshe."
Tukaisoma kwa tochi ya simu
kama watu wawili wanaotafuta mpaka wa kiwanja.
Hapa? Si hapo. Hapa? Taratibu. Hapa?
Nikacheka. Ukacheka. Hatukufika popote,
na katika miaka tisa sikuwahi kulala vizuri hivyo.

Ilikuja mwezi uliofuata, bila kuitwa,
saa ya ukutani imekwisha betri.
Sikulia.
Nilinyamaza kama ziwa upepo ukikatika ghafla,
pumzi ikapotea njia,
vidole vya miguu vikajikunja vyenyewe.
Nawe ukainua kichwa gizani,
sauti imejaa wasiwasi:
"Vipi, leo imeshindikana?"

Asubuhi bombani Mama Nyangeta
alinitazama kwa huruma, akanishika bega.
"Mtapatana tu, mwanangu.
Ndoa ndivyo zilivyo."
Nikaitikia, "Asante, mama,"
nikakinga ndoo yangu,
nikasubiri zamu kama watu wengine.