Nani Anazisukuma

Hadubini ni moja, wanafunzi hamsini na wawili.
Taa yake iliungua mwaka juzi,
kwa hiyo tunaazima jua la Nyegezi
kwa kioo cha poda cha mwalimu Kashinje.

Jani nimelichuma mwenyewe alfajiri, nyuma ya mawe,
suruali nimeikunja hadi magotini,
nikijua kichocho hakipigi hodi.
Jani la utepe, refu, laini, rangi ya chupa,
lile linalonasa nyavu na kutukanwa
kwa Kisukuma na kwa Kikerewe.
Sasa limelala kwenye slaidi,
kipande kidogo kuliko ukucha,
wembe umepita, tone la maji juu yake.

Nyamizi akainama wa kwanza.
Akachora duara, jeusi pembeni, jeupe katikati,
akaandika kwa penseli iliyochongwa vizuri: SELI.

Lilikuwa povu.
Nikamwambia polepole, hiyo ni hewa tu.
Sikumwambia kwamba mimi, chuoni Butimba,
nilichora hewa wiki nzima
na nikapewa vema.

Akazungusha tena. Kimya.
Dirishani kunguru wanagombea kichwa cha sato.
Kisha: "Mwalimu, zinatembea."

Ndani ya vyumba virefu vya kuta angavu
punje za kijani zafuatana ukutani,
zinapinda kona, zinarudi,
hazipigani vikumbo,
kama wabeba dagaa wa Mwaloni
kabla bei haijatangazwa.
"Nani anazisukuma?"

Darasa likaangua kicheko, maana nusu yetu ni Wasukuma.
Majigo, mtoto wa Ukara, akadakia, "Si nyinyi?"
Nami nikacheka, nijifiche humo.
Jibu ninalo daftarini, neno refu la kitaalamu,
ufunguo mzuri usio na mlango.

Mtaala unasema: dondosha maji ya chumvi.
Ziwa hili halijui chumvi.
Nikadondosha.
Utando ukajikunja, ukaachana na ukuta,
punje zikarundikana
kama watu kibandani mvua ikishuka,
zikapunguza mwendo,
zikasimama.

Nyamizi hakuondoa jicho. Hakuchora.
Akanyoosha mkono bila kugeuka, akaomba maji ya ziwa.
Hilo sikulipanga.
Nikampa ndoo, na mrija wa peni wa kudondoshea.

Tukangoja. Wa nyuma wakanung'unika zamu yao.
Kengele ikalia, hakuna aliyetoka.
Punje moja, akasema. Labda.
Jua lilikuwa limekwisha kuhama mezani;
nikainua kioo cha poda, nikalifuata.