Mizani ya Kioo

Thoya aliapa kwa mama yake aliyeko Ganze
kwamba alibonyeza.
Dakika ya tisini, penalti, hamsini iko mezani,
na kipa wake akaruka
mpira umeshatulia wavuni,
kama mtu anayeitikia hodi
mgeni keshakula, keshaaga.

"Dada Haluwa, kioo chako kizito."
Nikamwambia uzito uko kwenye gumba lako.
Lakini usiku, kibanda kimefungwa, Maweni kimya,
nikaegesha simu kwenye kopo la maziwa,
nikarekodi kidole changu na skrini pamoja,
nikaivuta video picha kwa picha:
kidole kimeshuka, mchezaji kasimama.
Kidole kimepanda, mchezaji kasimama.
Nilihesabu ishirini na sita
ndipo aliponyanyua mguu.

Sikumwambia Thoya.

Na si uzito tu. Kamera ya mchezo ikigeuka ghafla
uwanja unachanika katikati:
kichwa cha refa bado kiko langoni,
suruali yake imefika kwenye kona.
Darasa la saba Mwalimu Mbwarali alitugonga rula
mshororo ukipungua.
Nane kwa nane, alisema, vipande viwili vivuke pamoja.
Basi kilema hiki nilikijua
kabla sijajua kina dawa dukani:

Kidole kimeamuru,
          kioo hakijajua;
kiwiliwili ki huru,
                    kichwa hakijatokea.

Jumamosi nikaenda kwa Sombwana, nyuma ya soko la zamani.
Alianza na kile kipana kama kitanda cha arusi,
kingo zinawaka zambarau.
"Hezi mia na arubaini na nne! Milisekunde moja!
Soma mwenyewe, imeandikwa kwenye boksi."
Boksi la biskuti nalo limechorwa chokoleti.
Nikamuuliza, moja ya nini?
Ya nukta kubadili rangi, au ya kidole kufika?
Akakohoa. Akamwita Ngumbao, kijana wa kutengeneza simu.

Ngumbao hakuinua macho kwenye bisibisi yake.
Mashine inachora, alisema, kioo kinaonyesha,
kila mmoja na mwendo wake.
Kioo kisipongoja, picha mbili zinagawana uso mmoja:
ndio mchaniko wako.
Ukiwalazimisha wangojane, mchaniko unapona,
uzito unazidi.
"Kwa hiyo nichague ugonjwa?"
"Au uchukue hiki."

Inchi ishirini na nne. Mguu una mkwaruzo.
Kilitoka kwa Muitaliano aliyefunga nyumba akarudi kwao.
"Hiki hakina haraka yake. Kinamfuata mchoraji.
Picha ikichelewa kinangoja, ikiwahi kinawahi.
Ila isishuke chini ya arubaini na nane kwa sekunde;
hapo kila mtu na lwake."

Sijawahi kuolewa na mtu wa namna hiyo.

Nikatoa simu, nikarekodi kidole pale pale,
wateja wa pasi na feni wananitazama.
Picha nne. Nikarudia. Nne.
Mara ya sita, tano, lakini mkono ulinitetemeka.
Tukashuka hadi elfu kumi na moja na mia tano,
pamoja na waya.
Sombwana aliapa kwamba anakula hasara;
kiapo chenyewe kilikawia kidogo,
nikakiona kimechanika katikati,
mdomo ukisikitika, macho yanahesabu.

Jioni Thoya akaja, akakaa, akakigusa kioo ukingoni
kama anayepima joto la mtoto.
Penalti tena, dakika ile ile.
Kipa akaruka papo hapo, bila kuchelewa hata chembe,
upande ambao mpira haukwenda.

Akatazama kioo. Akatazama gumba.
Hakuapa kwa mtu.

Nikafungua mkebe wa chenji,
nikamwekea hamsini kwenye meza.
"Ya nini, dada?"
Ya wiki tatu zilizopita, nikamwambia.
Ilikuwa njiani.