Kilo Hewa

Kosa lilikuwa jekundu, refu kama wembe,
limelala juu ya swali la nane:
tano na robo, toa mbili na robo tatu.
Niliona moja haiwezi kutoa tatu,
nikageuza kimyakimya: tatu toa moja, mbili.
Tano toa mbili, tatu.
Tatu na nusu. Nikapigia mstari kwa rula.

Jioni nikatumwa chumvi,
Mtoni kwa Aziz Ali, dukani kwa Mangi Ndekirwa,
daftari kwapani, maana kwetu luku ilikuwa imekwisha
na yeye ana taa ya sola.

Alilisoma juu ya kaunta, miwani imefungwa uzi,
akacheka mpaka akakohoa.
"Binti, mteja kaja kununua sukari,
wewe umezitumbukia robo zake!
Umenizulia kilo hewa.
Kesho nikihesabu mali, nitaitoa wapi?"

Ndipo akaingia Bi. Sikudhani wa vitumbua,
unga umemfika viwikoni.
"Sukari. Kilo mbili na robo tatu."
Mangi akanitazama mimi.
Mimi nikatazama rafu:
pakiti tano zimesimama wima, midomo imefungwa,
na kando yao ile iliyofunguliwa asubuhi,
imebaki robo, imekunjwa sikio.

"Haya, muuzie."

Mbili nikazishusha. Hizo hazikuwa na neno.
Robo tatu je?
Nikaiminya ile robo kama dawa ya meno iliyokwisha.
Bi. Sikudhani akagonga sarafu kwenye kioo:
"Mafuta yangu yako motoni, mwanangu."

Mangi hakusema kitu. Alinisukumia mkasi.

Kukata kitu kizima kunatia woga kidogo,
hata kama si chako.
Nikakata.
Robo nne zikamwagika bakulini,
zikaikuta robo mwenzao. Tano.
Tatu nikazipeleka kwenye mizani,
jiwe la nusu na jiwe la robo
yakapanda polepole upande wa pili.
Bakulini nusu.
Rafuni pakiti mbili.
Nikahesabu tena kwa kidole.
Mbili na nusu, na hakuna ya hewa.

"Umeona? Ulipokata hakikupungua kitu.
Kilichopungua ni alichoondoka nacho."

Nikarudi mbio na ugunduzi wangu.
Chumvi niliisahau.

Mama alikuwa na noti ya elfu kumi kwenye pindo la kanga,
ya kodi, wiki ya pili hajaigusa,
na shuleni walitaka mia saba ya mtihani.
"Ivunje tu, mama. Elfu kumi ni elfu kumi,
iwe nzima, iwe vipande."
Akalifungua pindo, akaitazama, akalifunga.
"Nzima haina miguu," alisema.
"Vipande vinayo."

Nikazikumbuka punje zilizoruka juu ya kaunta
na sisimizi waliokuwa wakizibeba moja moja
wakati sisi tunashangilia jibu.

Asubuhi nilikuta mia saba chini ya kikombe.
Mama anafagia uwanja,
pindo limevimba,
linalia sarafu kila anapoinama.

Nilifuta tatu, nikaandika mbili na nusu.
Sisimizi sikuwaandika.